Madigadi la Nyuma, Upande Wangu

Nataka ieleweke tangu mwanzo kwamba mimi nililitaka lile madigadi lidondoke. Sikuwa mtazamaji, nilikuwa upande wa mashtaka. Nimefanya kazi ya ukarani wa mahakama mpaka nikastaafu, na sijapata kuona kesi nyepesi kama ile iliyokuwa kati yangu na mkwe wangu.

Mkwe wangu ni fundi wa mageti, na hicho ndicho chanzo cha yote. Ni fundi mzuri, sitamnyima haki yake. Geti lake likifungwa limefungwa. Mwizi akiliona anakata tamaa na kwenda kutafuta kazi ya halali. Lakini geti ni kitu cha kusimama. Halina injini, halina safari, halipiti kwenye mashimo. Mtu aliyezoea vitu vya kusimama, siku akiamua kutengeneza kinachokwenda, atakitengeneza vilevile kama cha kusimama.

Gari lake alilitengeneza mwenyewe, kwenye banda la uani. Mwili wake ni mabomba yaliyobaki kwenye mageti ya watu. Injini aliitoa kwenye pikapu iliyokwisha kufa, na kwa jinsi ilivyokuwa ikitetemeka, nadhani marehemu aliondoka kwa homa. Halina paa wala milango. Lina viti viwili, na magurudumu yote manne yako nje ya mwili, kila moja limevishwa madigadi lake la kuzuia matope, la nusu pipa. Ukiliona kwa mbali unadhani ni watu wanne wenye helmeti wamebeba mgonjwa kwenye machela.

Sasa, mimi nilipohamia kwao nilikuja na kuku wangu. Niliambiwa wataingia bandani "gari likiisha". Gari halikuisha. Kuku wakawa wanalala kwenye korido, mlangoni pa chumba changu, ndani ya makreti ya soda. Jogoo akiwika alfajiri anawika ndani ya nyumba, na mwangwi wa korido unamfanya ajione ni majogoo sita. Banda lile ndilo pekee uani lenye paa lisilovuja, na lilikuwa limekaliwa na gari ambalo halijawahi kwenda dukani likarudi na viungo vyake vyote.

Maana ugonjwa wake ulikuwa madigadi. Kila alipolitoa gari, lilirudi na pungufu. Linaondoka na manne, linarudi na matatu, na la nne limekaa kwenye kiti cha abiria kama mgeni.

Mara ya kwanza nilimkuta amechuchumaa uani, ameshika kishikio, yaani kile kipande cha chuma bapa kinachoshika madigadi kwenye mwili wa gari. Kilikuwa kimekatika safi kabisa, pale pembeni ya alama ya kuchomelea.

"Umegonga nini?" nikamuuliza.

"Sijagonga kitu, mama. Chuma kimechoka."

"Kimechoka?" nikasema. "Kimelima wapi?"

"Mama, chuma kikitikiswatikiswa kinachoka. Kinaanza ufa mdogo kama unywele, huuoni. Kila kikitikisika ufa unasogea. Halafu siku moja, pwaa."

Niliingia ndani nikacheka mpaka nikakaa kitako sakafuni kati ya kuku. Nimemaliza maisha yangu nikisikiliza utetezi wa kila aina mahakamani, lakini chuma kuomba mapumziko sikuwahi kusikia.

Dawa yake sasa. Fundi wa mageti, kitu kikikatika, anaongeza chuma. Akaongeza. Kishikio kikawa kinene mara mbili. Ufa ukahama, ukaanzia pale kiraka kilipoishia. Akaongeza hapo. Ufa ukaingia kwenye mwili wa gari. Akaongeza na huko. Kadiri alivyoongeza chuma ndivyo madigadi lilivyokuwa zito, na kadiri lilivyokuwa zito ndivyo lilivyojitikisa kwa hasira zaidi. Mwishowe vishikio vile vilikuwa na nondo, vilikuwa na vitako, na kimoja, naapa, alikiwekea maua ya kupindapinda kama yale anayoweka kwenye mageti ya matajiri. Nilimuuliza maua ni ya nini. Akasema mkono umezoea.

Kuna siku alirudi na madigadi yote manne na kifua mbele. Nikazunguka gari polepole, mikono nyuma, kama askari anayekagua. Moja lilikuwa limefungwa kwa waya, na jingine kwa kamba ya kuanikia nguo zangu.

Hapo nikafungua kesi rasmi.

Hakimu alikuwa binti yangu, mke wake. Ni mwalimu wa chekechea na anahukumu watu wazima kwa sauti ileile. Alituketisha mezani, mimi huku na mumewe kule.

"Haya," akasema, "mmoja mmoja. Na hakuna kumkatiza mwenzako."

Nikaeleza. Mkwe akaeleza. Binti yangu akafikiri huku akitukatia matunda, akatupa kila mtu sahani yake ili tusigombane.

"Sikilizeni. Jumamosi gari liende kwa mama mkubwa, lirudi siku hiyohiyo. Likirudi na madigadi yote manne, bila waya wala kamba, banda ni la gari, na mama hutalisema tena. Likirudi na pungufu, banda ni la kuku."

"Na mimi," mkwe akadakia, "likidondoka hata moja, nalikata gari lote. Nalifanya geti."

Hakuna aliyemwomba aseme hivyo. Ilimtoka tu, kama watu wanavyojitia kitanzi wakiwa kizimbani. Niliona uso wake ukibadilika baada ya kusema, na binti yangu akaacha kukata matunda. Lakini kauli ikishatoka imetoka, na mimi niliipokea kwa mikono miwili. Nikasema nitapanda mwenyewe kama shahidi, nihakikishe hakuna mtu anayesimama njiani kuchomelea kitu.

Jumamosi nilivaa gauni langu la kazini, lile jeusi, nikafunga kitambaa kichwani na kukaa kwenye kiti cha abiria. Madigadi la nyuma, upande wangu, lilikuwa usawa wa kiwiko changu kabisa. Nilifurahi. Shahidi gani mwingine amewahi kupewa kiti karibu na ushahidi kiasi hicho?

Tuliondoka. Nilitikisika mpaka mawazo yangu yakachanganyika na ya mwaka juzi. Nililitazama lile madigadi kama paka anavyotazama tundu la panya. Mwendo wa polepole lilitulia. Mwendo wa kasi pia lilitulia. Lakini kati ya hapo kulikuwa na mwendo mmoja, na gari likiufikia tu, madigadi linaanza kuimba. Kwanza linanguruma, kisha linatetemeka mpaka ukingo wake hauonekani vizuri. Mkwe akilisikia anakanyaga mafuta kuupita mwendo ule, shingo imemkakamaa.

"Linaimba," nikamwambia kwa furaha.

"Nalisikia, mama."

"Sauti nzuri."

Nilijaribu kuliwekea kiganja, kwa udadisi tu, likanyamaza. Nikaondoa, likaimba. Nikaweka tena, likanyamaza. Nikaondoa mkono haraka na kuukalia, maana sikutaka kumsaidia mshtakiwa.

Tulifika kwa dada yangu na madigadi yote manne. Niliyahesabu kwa uchungu.

Dada yangu mkubwa ni mtu wa kukaa kwenye sofa na kutoa maoni. Alitoka mpaka barazani, akalitazama gari, akaweka mkono kiunoni.

"Hiki ni nini?"

"Gari, mama mkubwa," mkwe akasema, akapiga magoti kidogo kumsalimia.

"Gari." Akalizunguka. Akaona vile vishikio vyenye maua. "Kwa hiyo mkwe wako bado anaunganisha vyuma? Mimi nilidhani siku hizi amepata kazi."

Nilimwona mkwe wangu akiinama kufuta vumbi kwenye taa ambayo haikuwa na vumbi. Yote aliyoyasema dada yangu nilikuwa nimeyasema mimi wiki ileile, tena kwa maneno makali zaidi. Lakini kusema mimi ni jambo moja. Kusema yeye, asiyejua hata jina la bolti, tena mbele ya majirani, damu ilinipanda kichwani.

"Gari hili amelitengeneza mwanangu kwa mikono yake," nikasema. "Wewe lako ulilinunua, na linakaa gereji zaidi kuliko linavyokaa kwako."

Nilisema "mwanangu". Nilijisikia nikilisema, na sikuweza kulirudisha. Mkwe wangu aliendelea kufuta ile taa kwa bidii kubwa. Chai ya dada niliinywa ya moto, nikaungua ulimi, nikasema tunaondoka.

Kurudi, tulipoacha lami na kuingia kwenye mawe, niliona ufa.

Ulikuwa mwembamba kama alivyosema, kama unywele, kwenye kishikio cha madigadi lilelile la upande wangu, pembeni ya ua la mapambo. Nilidhani ni uzi wa gauni langu. Nikapuliza, haukuondoka. Gari likatua kwenye shimo, na nilipotazama tena unywele ulikuwa umerefuka. Nikakaa vizuri. Moyo wangu uliruka kwa raha, nisiseme uongo. Niliwaona kuku wangu wakiingia bandani kwa mstari, jogoo mbele.

Mkwe wangu hakuwa ameuona, macho yake yalikuwa barabarani. Alikuwa anapiga mluzi, kitu asichofanya mbele yangu kwa heshima. Halafu akaacha, akasema bila kunitazama:

"Mama, nikishindwa, nimeshaamua. Nitalikata mwenyewe, sitampa mtu mwingine. Lakini vyuma vyake havitakuwa geti. Nimelichora kichwani banda la kuku. Lina vyumba viwili, wale wanaolalia wasisumbuliwe na jogoo. Na mlango wake utafunguka kwa juu kidogo, usiwe unainama, kwa sababu ya mgongo wako. Nimekuona unavyoinama pale koridoni."

Nilimtazama. Mtu huyu alikuwa amekaa usiku na mchana na gari lake, na bado alikuwa ameuona mgongo wangu. Nilimwonea huruma, na ile huruma ikanitia hasira, maana ilikuja wakati mbaya kabisa. Dakika chache tu zaidi na ningekuwa nimeshinda.

"Tazama barabara," nikamwambia.

Ufa sasa ulikuwa umefika katikati ya kishikio. Gari likaingia kwenye ule mwendo wa kuimba, na kwa sababu ya mawe hakuweza kukanyaga mafuta kuupita. Madigadi likaanza. Nikaweka kiganja. Kiganja kimoja hakikutosha. Nikaweka cha pili. Nikalikaza kwa nguvu zote, likanitikisa meno mpaka nikaona wakwe wawili. Nikalegeza, nikaliegemea tu kwa mkono mzima na ubavu, kama unavyombembeleza mtoto mwenye kwikwi, na hapo likatulia. Basi nikabaki hivyo, nimelikumbatia, kichwa kimelala juu ya nusu pipa, kitambaa kinapepea.

"Mama, unaumwa?"

"Nimechoka. Endesha."

Tulipita hivyo sokoni. Watu walinipungia mkono, wakidhani ni aina fulani ya sherehe, na sikuweza kuwajibu kwa sababu sikuwa na mkono wa akiba. Kwenye mzunguko, askari wa barabarani alitusimamisha. Akalitazama gari, akanitazama mimi.

"Mama, mbona umelikumbatia gari?"

"Nalipenda," nikasema.

Akafikiri kidogo. Nadhani hapakuwa na kifungu cha sheria kinachokataza. Akatupungia tupite.

Hapo mkwe wangu alianza kuelewa. Aligeuza shingo mara moja, akakiona kishikio, na sura yake ikawa kama ya mtu aliyesomewa hukumu. Alipunguza mwendo, akayakwepa mashimo moja moja, na tulikwenda vile mpaka nyumbani, yeye ameshika usukani na mimi nimeshika madigadi, kila mtu na lake.

Binti yangu alikuwa anatungoja getini. Gari likasimama, injini ikazima, na katika ule ukimya nikasikia kitu kikisema *tik*. Nikasimama. Madigadi likasimama pamoja na mimi. Nilishuka nalo garini nimelikumbatia, na nyuma yangu kikabaki kipande cha kishikio chenye ua.

Binti yangu akatazama gurudumu lililokuwa wazi, kisha akanitazama.

"Haya," akasema kwa sauti ya darasani. "Nani ataniambia nini kimetokea?"

"Limekatika," mkwe akasema. Alikuwa bado amekaa, mikono kwenye usukani. "Nimeshindwa, mke wangu. Mama ndiye amelishika njia nzima. Kesho nitaleta msumeno."

"Nyamaza wewe!" nikasema. "Nani amekuuliza? Hakimu, naomba sharti lisomwe upya."

"Mama..."

"Lisomwe! Ulisema gari lirudi na madigadi yote manne. Hesabu. Moja, mawili, matatu." Nikalitikisa lililokuwa mikononi mwangu. "Hili ni la ngapi?"

"La nne, lakini mama..."

"Ulisema bila waya wala kamba. Uliona waya? Uliona kamba?" Nilikuwa napiga kelele sasa, jirani wa upande wa pili alishatoka nje. "Mimi ni waya? Nitazame vizuri, na huu mwili wangu. Mimi ni kamba?"

Binti yangu alifunika mdomo kwa mkono. Mabega yake yalikuwa yanacheza.

"Halafu," nikaendelea, maana wakili akishaanza haachi, "yeye alisema likidondoka. Limedondoka wapi? Aje mtu aseme aliliona chini."

"Mama," binti yangu akasema alipopata pumzi, "unajua ukishinda kesi hii banda linakwenda?"

Nilijua. Nilikuwa nimejua tangu kwenye mawe. Kuku wangu walikuwa wanalia koridoni wakisubiri kulishwa, na nilisimama pale uani nikajishinda mwenyewe kwa hoja zangu mwenyewe.

"Hukumu itolewe," nikasema.

"Banda ni la gari."

Mkwe wangu akashuka. Alinyoosha mikono kulipokea madigadi, nami nikataka kumpa, lakini vidole vyangu havikufunguka. Vilikuwa vimekakamaa kwenye ukingo wa bati. Tangu amwoe binti yangu, mimi na yeye hatukuwahi kushikana zaidi ya salamu. Alikuwa akinipa mkono kwa ncha za vidole huku ameinama. Sasa akachuchumaa mbele yangu, akaanza kuvifungua kimoja kimoja, kwa yale makucha yake yaliyoungua kwa cheche, taratibu mno, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto.

"Ulilikaza, mama?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nilipolikaza lilinikataa. Nililiegemea tu. Kitu chenyewe hakitaki kubanwa."

Akaacha kidole cha tatu katikati. Akatazama mkono wangu, akatazama kile kishikio chake cha nondo na maua, halafu akatazama mkono wangu tena. Akasema "Kumbe!" kwa sauti iliyomshtua jogoo ndani, akakimbilia bandani, akaniacha na vidole vingine bado vimenasa. Binti yangu ndiye aliyevimalizia, kwa mafuta ya kupikia.

Wiki nzima sauti ya msumeno ilisikika, lakini hakukata gari. Alikuwa anakata maua. Alitoa nondo, akatoa vitako, akalipunguza lile pipa uzito kwa kulitengeneza upya kwa bati jepesi. Kishikio kipya kilikuwa chembamba mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Alikipinda kwa mviringo badala ya kona kali, akakipa mguu wa pili wa kukitegemeza kwa chini, na mahali pa kuchomelea akapaweka mbali na pale panapotikisika sana. Halafu kati ya chuma na madigadi akaweka raba nene aliyoikata kwenye tairi bovu, juu na chini, na wasa pana, kile kibati cha duara cha chini ya bolti, ili bolti isile bati. Akikaza nati alikuwa anaikaza huku anajizuia, kwa mateso makubwa, kama mlafi anayeombwa aache chakula kwenye sahani.

Kuku wangu wako koridoni mpaka leo. Ameahidi kuwajengea banda akipata nafasi, na nafasi, kama ninavyomjua, ataipata gari likiisha.

Jumamosi iliyofuata alisimama mlangoni kwangu, akakohoa, akasema anataka kulijaribu barabara ileile ya mawe, kama sitajali. Nilimwambia nina kazi nyingi. Nikachukua kitambaa changu nikaenda kukaa upande wangu.

Gari likafika kwenye mwendo ule wa kuimba. Nikasubiri, na yeye akasubiri, shingo imemkakamaa vilevile. Madigadi lilikaa kimya. Nililigusa kwa ncha ya kidole, nikapata joto la jua tu. Nikaweka kiganja kizima.

"Linatetemeka, mama?"

"Endesha," nikamwambia, na mkono nikauacha hapohapo mpaka tukafika.